Rutuba Inayosafiri kwa Magunia

(Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa umma na walimu wa Kibaha na Kisarawe.)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya udongo. Najua ya kuwa wengi waliomo humu hawajiiti wakulima. Wapo makarani, wahasibu, waganga, watendaji wa vijiji na walimu. Hata hivyo karibu kila mmoja wetu ana shamba lake: huyu ana ekari mbili Mlandizi, yule ana mihogo na mikorosho upande wa Masaki au Maneromango, na mwingine anafuga kuku nyuma ya nyumba yake. Zaidi ya hayo, ninyi ndio mnaoandika mihtasari ya mikutano ya vijiji, mnaopima viwanja, mnaosimamia mashamba ya shule, na mnaoulizwa na mkulima: "Kwa nini shamba langu halizai kama zamani?"

Swali hilo lina majibu mengi. Mvua ina sehemu yake, mbegu ina sehemu yake, na wadudu wana sehemu yao. Mimi leo nitashughulika na sehemu moja tu ambayo huzungumzwa mara chache, nayo ni habari ya fosforasi: inatoka wapi, inazungukaje katika udongo wetu, na jinsi matumizi yetu ya ardhi yanavyoifanya ama izunguke au itutoke.

MALI ISIYORUDI KWA MVUA

Wengi wetu tunalijua jina la fosforasi kwa sababu ya kiberiti, maana ubavu ule unaokwaruzwa una fosforasi nyekundu. Lakini kazi yake kubwa haimo katika kiberiti. Imo katika mifupa na meno yetu, imo katika kila mbegu, na imo katika kila chembe iliyo hai. Mmea usipoipata ya kutosha hudumaa. Mizizi yake hubaki mifupi, majani ya mahindi machanga hugeuka rangi ya zambarau, na mazao huchelewa kukomaa. Wala hakuna kirutubisho kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Yafaa tuilinganishe na naitrojeni, ili tofauti ionekane. Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78. Kunde, mbaazi na jamii yake yote, kwa msaada wa bakteria waliomo katika mizizi yao, huweza kuichukua kutoka hewani na kuiweka ardhini. Kwa hiyo shamba lililopungukiwa naitrojeni lina mahali pa kuidai. Fosforasi haina hewa. Chanzo chake ni mwamba, na mwamba huoza polepole kwa maelfu ya miaka. Kiasi kinacholetwa na vumbi na mvua ni kidogo mno, hakiwezi kulipa deni la jembe. Ikiisha kuondoka shambani, hairudi mpaka mtu airudishe.

Sasa tuitazame ardhi yetu. Sehemu kubwa ya udongo wa juu katika Kibaha na Kisarawe ni kichanga, na mahali pengine ni udongo mwekundu. Ni udongo wa kale, ambao mvua imeuosha kwa karne zisizohesabika. Milima ya Pugu ni maarufu kwa kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo. Kaolini ni kitu kinachobaki baada ya madini ya mwamba kuoza na virutubisho vyake kuoshwa. Basi tunapojivunia kaolini yetu, tukumbuke pia inatuambia nini: tunaishi juu ya ardhi iliyozeeka.

Udongo wa namna hiyo una umaskini wa aina mbili. Ule wa kichanga una fosforasi kidogo tangu mwanzo. Ule mwekundu waweza kuwa nayo, lakini chuma na alumini vilivyomo huikamata na kuifunga, hasa udongo unapokuwa na tindikali nyingi. Ni kama fedha iliyo benki katika akaunti iliyozuiwa: ipo, lakini mwenyewe hawezi kununulia unga. Tena fosforasi haitembei. Naitrojeni huenda na maji, bali fosforasi husogea milimita chache tu, na mzizi usiofika ilipo hauipati.

MSITU UNAISHI VIPI?

Hapo ndipo mtu huuliza: Ikiwa ardhi hii ni maskini hivyo, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imestawi kwa miujiza gani? Mgeni akiona miti ile mirefu hudhani kuwa chini yake kuna rutuba nyingi. Wengi wamedhani hivyo, wakafyeka, wakalima, na baada ya misimu michache wakashangaa.

Jibu ni kwamba utajiri wa msitu haumo zaidi katika udongo. Umo katika miti yenyewe, katika majani yaliyoanguka, na katika wadudu na kuvu wanaoyaozesha. Mti, kabla ya kuangusha jani, hurudisha kwanza sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo katika jani lile. Jani linalobakia huanguka, huoza, na kile kidogo kilichomo hudakwa mara moja na nyuzi nyembamba za kuvu zilizoshikamana na mizizi. Nyuzi hizo hufika mahali ambapo mzizi wenyewe usingeweza kufika, nazo huupa mti fosforasi na kulipwa sukari. Kwa njia hiyo fosforasi ileile hutumika leo, mwakani, na miaka mia ijayo. Msitu hauli mtaji wake. Huuzungusha.

Wazee wetu, Wazaramo na Wakwere, hawakulijua jina la fosforasi, lakini utaratibu huu waliujua. Walifyeka pori, wakachoma, wakalima miaka miwili au mitatu, kisha wakaliacha shamba lirudi kuwa pori kwa miaka mingi. Wako waliowadharau kwa kilimo hicho, wakakiita uvivu. Haukuwa uvivu hata kidogo. Moto uliunguza miti na kuacha majivu, na katika majivu mlikuwa na fosforasi iliyokusanywa na miti ile kwa miaka kumi au ishirini. Majivu hayo pia hupunguza tindikali, hivyo hata fosforasi iliyofungwa hulegezwa. Mahindi ya mwaka wa kwanza yalistawi kwa akiba hiyo. Ilipokwisha, mkulima alihama, na mizizi mirefu ya pori ikaanza tena kuikusanya kutoka chini kuileta juu.

Ila utaratibu huo ulihitaji kitu kimoja ambacho sasa hatuna, nacho ni nafasi.

SHOKA, MOTO NA VIWANJA

Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba watu wote wa vijijini Tanzania Bara wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima karibu na watu. Lakini kwa upande wa udongo vilileta jambo jipya pia. Watu waliokuwa wametawanyika walikaa pamoja, na mashamba yaliyo karibu na kijiji yakawa yanalimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa, wakati yale ya mbali yakiachwa. Mazoea ya kilimo yalibaki ya mtu anayehama, na mkulima mwenyewe hahami tena. Tofauti hiyo kati ya mazoea na hali halisi ndiyo iliyoanza kuchosha mashamba mengi.

Kisha watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.1 hivi katika Mkoa wa Pwani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2. Kibaha leo ni mji wa viwanda na makao makuu ya mkoa, na Dar es Salaam imesogea mpaka mlangoni mwetu. Shamba lililokuwa na ekari kumi limegawanywa viwanja, na mwenyewe amebaki na ekari mbili. Huyo hawezi kulipumzisha shamba miaka kumi. Hata miaka miwili ni anasa kwake.

Mtu huyo bado hulichoma shamba lake kila mwaka kabla ya mvua, kwa kuwa hivyo ndivyo baba yake alivyofanya. Lakini baba yake alichoma miti ya miaka ishirini. Yeye anachoma nyasi na mabua ya mwaka mmoja. Majivu yake ni machache, upepo wa Februari huyapeperusha, na mvua ya kwanza ya masika huyasomba. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo imekwenda na moshi. Udongo umebaki uchi, na kuvu wale wanaousaidia mzizi wamepungukiwa na chakula na kivuli. Moto uleule uliokuwa chombo cha kukusanya akiba umekuwa chombo cha kuitawanya.

Tuongeze habari ya mkaa. Mti unapochomwa katika tanuri, fosforasi yake haiendi na moshi kwa wingi. Hubaki ndani ya mkaa. Mkaa hutiwa katika magunia, magunia hupanda lori au pikipiki, na majivu yake humwagwa katika jalala la Dar es Salaam. Kiasi kilichomo katika gunia moja ni kidogo, nakubali. Lakini wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kuna njia ya nne, nayo ni kufyeka eneo kubwa kwa mpigo. Wakazi wa Kisarawe hawajasahau mpango wa mbono. Mnamo 2009 kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka katika ardhi ya vijiji 11 vya wilaya hiyo, ili ilime mbono wa kutoa mafuta ya mitambo. Mnamo 2011 kampuni ikaishiwa na fedha na kazi ikasimama. Watu walizungumza sana, na kwa haki, juu ya fidia, ajira na maji. Lakini swali la akiba ya udongo halikusikika sana. Pori likifyekwa kwa trekta, fosforasi iliyokuwa imekusanywa na miti huachiliwa yote kwa wakati mmoja. Mmea uliopandwa ukistawi, huipata. Usipostawi au ukitelekezwa, mvua huichukua. Mkataba waweza kuvunjwa kwa siku moja, lakini pori halirudi kwa siku moja.

HESABU YA MAGUNIA

Ndugu watumishi, wengi wenu mmezoea daftari la mapato na matumizi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tulifungue daftari la shamba.

Tani moja ya mahindi, yaani magunia kumi ya kilo mia, hubeba fosforasi kilo 3 hivi. Mkulima akivuna tani moja kwa ekari na kuiuza, ameuza kilo 3. Akifanya hivyo miaka kumi, ameuza kilo 30. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una fosforasi kilo 10 hivi. Kwa hiyo mkulima yule ameondoa kiasi kilicho sawa na mifuko mitatu ya DAP, naye pengine hajarudisha hata mmoja. Mihogo huchukua kidogo zaidi, karibu nusu kilo kwa tani moja ya mihogo mibichi, tena husaidiwa sana na wale kuvu wa mizizi. Ndiyo sababu muhogo huzaa mahali ambapo mahindi yameshindwa. Lakini wako wanaodhani kuwa kwa sababu muhogo unazaa, shamba halijachoka. La hasha. Muhogo ni mdai mpole, anayekubali kupewa senti za mwisho zilizobaki mfukoni.

Mapato hayo ya shamba huenda wapi? Huenda mjini. Mtu mmoja hutoa mwilini fosforasi kiasi cha gramu 400 hivi kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022. Zidisheni wenyewe: ni zaidi ya tani 2,000 kwa mwaka, ambazo zimetoka katika mashamba ya watu fulani, na ambazo huishia katika mashimo ya vyoo, katika mabwawa ya maji machafu na baharini. Sehemu ya tani hizo imetoka Kibaha na Kisarawe. Mji umenunua chakula, umelipa bei ya chakula, lakini rutuba haikuwamo katika bei.

Njia ya mwisho ya upotevu ni mmomonyoko. Fosforasi imeshikamana na chembe za udongo, hivyo udongo ukienda, nayo huenda. Udongo wa unene wa milimita moja tu juu ya ekari moja una uzito wa zaidi ya tani 5. Mkulima hauoni ukiondoka. Tunauona sisi sote masika, mito inapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Sehemu ya udongo huo hutua katika mabonde ya Ruvu, na ndiyo sababu mabonde yana rutuba kuliko miinuko. Tena katika jaruba la mpunga lililojaa maji, chuma kilichoifunga fosforasi hubadilika na kuiachia, hata mpunga ukaipata. Lakini sehemu nyingine huingia mtoni, na Mto Ruvu ndio unaonyweshwa Dar es Salaam kupitia mitambo ya maji, mmojawapo ukiwa hapa Mlandizi. Fosforasi ikizidi majini hulisha mwani, na maji yenye tope na mwani ni ghali kuyasafisha. Kile ambacho shambani ni chakula, mtoni huwa gharama.

Na shamba linapochoka, shoka husogea. Mtu hawezi kukaa na njaa kwa kuwa ramani inasema hapa ni hifadhi. Kwa hiyo anayetaka kuulinda msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, aanze kwa kulitazama shamba lililo pembeni mwake.

TUREJESHE NINI, KWA NJIA GANI?

Ndugu Mwenyekiti, si haki kuhesabu madeni bila kuonyesha malipo. Nitataja njia chache ambazo zimo katika uwezo wetu.

Ya kwanza ipo nyuma ya nyumba zetu. Kibaha inafuga kuku wengi kwa ajili ya soko la Dar es Salaam. Kuku hao hula mahindi, pumba, mashudu na dagaa, ambavyo vingi vimetoka mbali. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo katika nafaka ipo katika umbo ambalo tumbo la kuku haliwezi kulivunja vizuri, hivyo hutoka katika kinyesi. Kwa maneno mengine, kila gunia la chakula cha kuku linaloingia Kibaha ni rutuba inayoingia. Mbolea ya kuku ni tajiri wa fosforasi kuliko samadi ya ng'ombe. Lakini ikirundikwa nje na kunyeshewa, nguvu yake hupotea na mifereji huchafuka. Ichanganywe na majani makavu au pumba za mbao, ifunikwe, iachwe ioze, ndipo ipelekwe shambani. Mtumishi mwenye kuku mia tano na mkulima mwenye ekari mbili zilizochoka wanaishi katika kata moja. Kinachokosekana ni mapatano kati yao.

Njia ya pili ni mbaazi. Mmea huu, ambao kila nyumba ya Pwani inaujua kwa nazi na mandazi, hutoa katika mizizi yake aina za tindikali zinazoweza kuifungua fosforasi iliyokamatwa na chuma. Majani yake yakidondoka, mahindi yanayofuata hufaidika. Mbaazi zikipandwa kati ya mahindi, na mabua yake yakiachwa shambani badala ya kuchomwa, shamba limepata vitu viwili kwa jembe moja: naitrojeni kutoka hewani na fosforasi kutoka kufulini. Ila tusijidanganye. Mbaazi hufungua kilichomo, hazileti kisichokuwamo. Katika kichanga kitupu, ambacho hakina akiba yoyote, lazima kitu kiletwe kutoka nje.

Kitu hicho nchi yetu inacho. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kuna mwamba wa fosfeti uliotokana na vinyesi na mabaki ya ndege wa ziwani wa zamani sana. Machimbo yake yalianza kazi mwaka 1983, na fosfeti hiyo ilipelekwa katika kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichofunguliwa mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1991. Mbolea ya Minjingu ina tabia moja ya kufaa: huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali, yaani udongo uleule unaotusumbua. Huko magharibi ya Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti waliitumia pamoja na majani ya alizeti mwitu katika udongo mwekundu uliochoka, na mahindi yakaitikia. Lakini haifai kila mahali. Katika udongo wenye chokaa nyingi, kama ule wa juu ya mawe ya matumbawe, haiyeyuki, na mkulima atakuwa amezika fedha zake.

Ndiyo maana kupima udongo si jambo la kitaalamu la kuwaachia wataalamu. Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro na Kituo cha Utafiti cha Mlingano huko Tanga hupima udongo. Kijiji kikichanga, kikapeleka sampuli chache zilizochukuliwa vizuri, kitajua kama mahitaji yake ni fosforasi, ni chokaa, au ni samadi tu. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa. Ruzuku ni jambo jema, lakini mbolea isiyolingana na udongo ni sawa na dawa isiyolingana na ugonjwa, hata ikiwa ya bei nafuu. Tena mbolea ya fosforasi isirushwe juu ya shamba kama mchele wa kuku. Iwekwe karibu na mbegu, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba haitembei. Hata hivyo katika msimu wa kwanza mmea hupata mara nyingi sehemu moja tu kati ya tano, au pungufu. Iliyobaki haikupotea yote. Ikilindwa na samadi, na udongo usiposombwa, itaendelea kulipwa kidogo kidogo miaka ijayo.

Wenye mikorosho nao wana lao. Salfa inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga huanguka chini na kuuongezea udongo tindikali. Watafiti wameliona jambo hilo wazi katika mikoa ya Kusini. Ndugu zetu wa Kisarawe wenye mikorosho wasingoje mpaka udongo ufikie hali hiyo ndipo wapime.

KAZI YA WATUMISHI NA YA WALIMU

Tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Kijiji kina haki ya kupanga wapi patalimwa, wapi patachungwa, wapi patajengwa na wapi patabaki msitu. Mara nyingi mpango huo huandikwa kwa kutazama mipaka na ugomvi wa mipaka peke yake. Ombi langu kwa watendaji na maofisa ardhi ni kwamba mpango utazame pia mwelekeo wa rutuba. Mteremko unaolisha bonde usigeuzwe viwanja vyote. Kingo za mito zibaki na miti. Na mwekezaji anayeomba mamia ya hekta aulizwe mapema, pamoja na habari ya ajira na fidia: Ukishindwa, nani atairudisha ardhi hii katika hali yake, na kwa gharama ya nani?

Kuhusu kuni na mkaa, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, umekusudia kuwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa wengi hiyo ni habari ya afya na ya misitu. Kwa Kibaha na Kisarawe ni habari ya udongo pia.

Nanyi Ndugu walimu mna chombo ambacho idara nyingi hazina. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu nyingi zimekuwa na mashamba. Tuseme kweli: shamba la shule mara nyingi ndilo lililochoka kuliko yote kijijini. Hulimwa kila mwaka mahali palepale, mabua huchomwa, mavuno huliwa, na hakuna kinachorudi. Mtoto hujifunza hapo kwamba kilimo ni adhabu, na kwamba ardhi huchoka kama desturi ya dunia.

Gaweni shamba hilo mafungu manne. Fungu moja lilimwe kama desturi. La pili lipewe mbolea ya kuku iliyooza. La tatu lipandwe mahindi na mbaazi, bila kuchoma kitu. La nne lipewe Minjingu kidogo katika kila shimo. Wanafunzi wapime mavuno kwa mizani, waandike katika daftari, na wafanye hivyo miaka mitatu mfululizo bila kubadili mafungu. Somo hilo halihitaji maabara, na wazazi watalisoma wakipita njiani.

Ndugu wananchi, kipo kisiwa katika Bahari ya Pasifiki kiitwacho Nauru, ambacho kilikuwa na fosfeti nyingi. Kwa karibu karne moja kilichimbwa, na fosfeti hiyo ikaenda kurutubisha mashamba ya nchi nyingine. Leo sehemu kubwa ya katikati ya kisiwa hicho ni mawe makali yasiyolimika. Sisi hatuna machimbo ya fosfeti hapa Kibaha wala Kisarawe, na hakuna meli inayongoja kupakia. Sisi tunapakia katika magunia ya mihogo, ya mkaa na ya mahindi, na tunasaidiwa na mvua. Kazi huenda polepole zaidi, lakini mwisho wake ni uleule.

Ninachowaomba ni kidogo. Kila mmoja wetu atakapokwenda shambani kwake mwishoni mwa juma hili, ajiulize maswali mawili: Msimu uliopita nilitoa nini hapa? Na nilirudisha nini? Akikuta kwamba upande wa pili wa daftari ni mtupu, asiulaumu udongo kwa kuwa mchovu. Aanze na kapu moja la mbolea, na asiwashe moto.